Baraza, Daka na Roshani: Historia Fupi ya Sehemu ya Mbele ya Nyumba

Mwenye nyumba anapozungusha ukuta na madirisha ya kioo mbele ya nyumba yake, ili apate mahali pa kukaa penye mwanga lakini pasipo mvua wala vumbi, je, amejenga kitu gani? Wajenzi wetu hutumia majina mengi: veranda, baraza la kioo, na siku hizi hata chumba cha jua. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba majina hayo hayalingani, na kwamba kila moja lina historia yake. Twakusudia pia kuonyesha kwamba anayeziba baraza haongezi chumba tu, bali pia huondoa kitu ambacho hakikuwa chake peke yake.

Mfano wetu tunauchukua Chewele, wadi ya eneo bunge la Bura katika kaunti ya Tana River nchini Kenya. Chewele haina milima. Mteremko wanaoujua watu wa huko ni ule wa ukingo wa mto Tana, unaopanda kutoka mashamba ya bondeni hadi nyanda kavu za malisho. Lakini mteremko huo mdogo ndio unaoamua mahali pa kujenga. Mafuriko ya 1961, ya El Nino ya 1997 na 1998, ya 2018, na yale ya mwishoni mwa 2023 na ya 2024 yaliwafundisha watu wa bonde hili kwamba hatua chache za kupanda zaweza kuwa tofauti ya kukaa na kuhama.

Eneo hili ni makutano ya lugha pia. Kipokomo na Kielwana (ambacho wengine hukiita Kimalakote) ni lugha za jamii ya Sabaki, pamoja na Kimijikenda, Kikomoro na Kiswahili chenyewe. Waorma, ambao ni wafugaji, husema lugha ya Kikushi, kama wasemavyo Wasomali jirani zao. Nyumba ya asili ya Waorma ni ya mviringo, ya fito na mikeka, na kazi ya kuijenga ni ya wanawake. Huvunjwa na kubebwa kundi linapohama. Nyumba ya namna hiyo haihitaji baraza ya kujengwa, kwa maana kivuli cha mti hutosha. Baraza ya mawe au ya saruji, pamoja na jina lake, ilitoka pwani. Wafanyabiashara wa Kiswahili wa Lamu na wa mlango wa mto walikuwa na uhusiano wa muda mrefu na Wapokomo, na maneno yalisafiri pamoja na bidhaa. Kwa hiyo hatuna budi kwanza kushuka pwani.

Neno baraza kwa kawaida huunganishwa na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutokea au kujitokeza. Maana hiyo yafaa ikumbukwe. Baraza ni ile sehemu ya nyumba iliyojitokeza kwenda kwa watu. Katika miji ya mwambao ni benchi la mawe na chokaa lililoshikamana na ukuta wa mbele, upande wa njia. Mwenye nyumba ndiye aliyelijenga na ndiye anayelipaka chokaa, lakini mpita njia hukaa bila kubisha hodi. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, mvua kubwa ikinyesha na njia zikijaa maji, mabenchi hayo huwa pia njia ya juu ya waendao kwa miguu. Twaweza kusema kwamba baraza ni mali ya mmoja yenye haki ya wengi.

Mji wa Lamu unatupa mfano ulio karibu zaidi na swali letu, kwa sababu umejengwa juu ya mteremko unaoshuka baharini. Nyumba ya mawe ya Lamu huanza na daka, yaani kibanda cha mlangoni chenye baraza mbili zinazotazamana. Ndani yake hufuata tekani, kisha kiwanda kilicho wazi juu, kisha misana, na mwisho ndani. Mpango huu ni ngazi ya faragha: kila hatua ya kuingia humwacha mtu fulani nyuma. Mgeni asiyejulikana hukomea daka, mgeni wa heshima hupewa sabule, jamaa huendelea. Daka, kwa hiyo, halikuwa pambo la mlango. Ndilo lililowezesha nyumba iliyofungwa sana kuwa na ukarimu.

Je, watu wa Lamu hawakuongeza nyumba zao? Waliongeza sana. Familia ilipokua ilijenga ghorofa, au ilijenga wikio, yaani chumba kinachovuka juu ya njia na kuunganisha nyumba mbili za jamaa. Upana wa vyumba ulitawaliwa na urefu wa boriti za mikoko, ambao ni kama mita 2.5 hadi 3, na hivyo nyongeza nayo ilikuwa nyembamba na ndefu. Jambo la kuzingatia ni kwamba wikio lilipita juu, na njia ikabaki chini yake. Chumba kiliongezwa bila kumfungia njia mpitaji.

Hamu ya mwanga na upepo ilikuwa na jina lake, nalo ni roshani. Neno hili lina asili ya Kiajemi, na maana ya mzizi wake ni mwanga. Katika miji ya Hijazi neno la jamii hiyo hiyo hutumiwa kwa dirisha la mbao linalotokeza nje ya ukuta, lililofunikwa kwa kimia, ili aliye ndani apate hewa na kuona nje naye asionekane. Kwa hiyo wazo la mahali palipojitokeza na papo hapo pamefungwa si geni katika utamaduni wa Bahari ya Hindi. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, anaeleza juu ya benjile ya kasri la Mtoni, Unguja: jengo la mbao la mviringo lililokuwa upande wa bahari, ambamo baba yake alizoea kutembea huku na huku. Salme anataja pia baraza, lakini kwake hilo ni kusanyiko la Sultani na watu wake. Vitu viwili, na majina mawili.

Historia hiyo hiyo inatuonya pia juu ya uzito. Beit el-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash, ilizungukwa na veranda pana zilizobebwa na nguzo za chuma. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ya jengo hilo iliporomoka wakati wa kazi ya ukarabati, na watu wawili wakafa. Sehemu iliyo wazi yaonekana nyepesi kwa mtazamaji, lakini paa lake hubebwa kama paa jingine lolote.

Mfano wa Salme unatuonyesha pia jinsi maana ya baraza ilivyopanuka kutoka mahali pa kukaa hadi watu waliokaa, na kutoka hao hadi mamlaka yao. Katika Kiswahili sanifu utasikia baraza ya nyumba na hata baraza la nyumba, lakini kwa mkutano upatanisho wa la umeshika: baraza la wazee, Baraza la Mawaziri. Serikali ya kikoloni nchini Kenya ililitwaa neno hili kwa mikutano iliyoitishwa na mkuu wa wilaya au chifu, na matumizi hayo yakaendelea baada ya uhuru. Wapokomo walikuwa na wanayo gasa, baraza lao la wazee, ambalo jina lake halikutokana na benchi lolote. Hata hivyo, katika mapigano ya 2012 na mwanzoni mwa 2013 kati ya Wapokomo na Waorma katika delta ya Tana, ambapo zaidi ya watu 100 walikufa, mikutano ya kutafuta suluhu iliitwa mabaraza ya amani. Neno lililoanzia kwenye benchi la mbele ya nyumba lilibebeshwa kazi ya kuwaketisha pamoja mkulima na mfugaji. Je, jirani atauzoea mkutano mkubwa wa kijiji ikiwa hana tena mahali padogo pa kukaa na mwenziwe?

Sasa turudi Chewele. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Serikali ya Kenya, kwa msaada wa Benki ya Dunia na wafadhili wengine, ilianzisha mradi wa umwagiliaji maji wa Bura, na familia kutoka sehemu mbalimbali za nchi zikaja kukaa katika vijiji vilivyopangwa kwa ramani. Katika vijiji vya namna hiyo, nyongeza ndiyo inayotofautisha nyumba na nyumba. Lakini nyongeza hiyo haiwezi kuitwa chumba cha jua. Jina hilo ni tafsiri ya neno la nchi za baridi, ambako jua hutafutwa. Hapa jua ndilo linalokimbiwa. Kinachotafutwa ni kivuli chenye mwanga na upepo. Anayefuata jina hilo ataweka kioo upande wa magharibi, naye atakuwa amejenga tanuri. Anayefuata jina la roshani ataweka kimia, matofali yenye matundu, au madirisha yanayofunguka pande mbili, na paa litakalotokeza mbele ya ukuta. Tena, kama nyumba iko ukingoni, ataacha mfereji upande wa juu, ili maji ya mvua yasisimame nyuma ya msingi, wala hatajenga ukuta mzito juu ya benchi lililokusudiwa kubeba watu tu.

Kwa hiyo pendekezo letu kwa watunga kamusi na istilahi za ujenzi ni hili. Sehemu ya mbele iliyo wazi na iitwe baraza. Iliyofunikwa kwa paa tu na iitwe veranda, neno ambalo limekwisha kukubalika. Iliyozungushwa kwa kioo au kimia kwa ajili ya mwanga na hewa na iitwe roshani, iwe juu au chini. Tunajua kwamba wengi hulitumia neno hili kwa ghorofani tu. Lakini kiini cha maana yake ni mwanga, si urefu.

Na kwa mwenye nyumba tunasema kama walivyosema wahenga: mgeni njoo, mwenyeji apone. Anayejenga roshani na aache mbele yake benchi moja nje ya ukuta, pana kiasi cha watu wawili au watatu. Gharama yake ni ndogo, na kwa benchi hilo neno baraza litaendelea kuwa na kitu linachokitaja.