Nyimbo Zilizohama

Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay kurekodi nyimbo zake. Sauti ilikaa ndani ya sahani ya santuri: ukiishika sahani, umeushika wimbo. Kampuni ya Apple ilipotoa iTunes mwaka 2001, mambo yalikuwa yamegeuka. Orodha ni kitu kimoja, nyimbo zenyewe kitu kingine.

Mimi sikulijua hilo. Nilihamishia nyimbo za Siti na za Mbaraka Mwinshehe katika diski ya pembeni, kisha nikaona alama ya mshangao kando ya kila jina. Nilikaribia kuifuta orodha yote. Mjukuu wangu akanizuia: "Babu, hazijapotea. Kompyuta inazitafuta pale ulipozitoa." Akaionyesha mahali papya, zikaimba.

Hapo nikakumbuka maktaba ya chuo cha ualimu nilichokiongoza. Mara ngapi nilimkaripia mwanachuo kwa kitabu "kilichoibwa", kumbe kimo rafu ya pili, kadi tu haikubadilishwa! Wengine sikuwahi kuwaomba radhi. Ndugu msomaji, kabla hujamlaumu mtu, uliza kwanza nani aliyehamisha.