Hati ya Forodha na Bahari ya Majirani

Ndugu msikilizaji, nahodha anapong'oa nanga hupewa na forodha hati inayoshuhudia kwamba chombo chake kinaondoka kwa halali na kwamba safari yake inajulikana. Akishaitia hati hiyo sandukuni, hujihesabu kuwa yumo katika ulinzi wa sheria. Lakini ni sheria ya nani? Swali hilo liliwahi kuigombanisha Marekani na Uingereza, ambayo wakati huo ndiyo iliyosimamia mambo ya nje ya Kanada.

Mwaka 1886 merikebu ndogo za matanga, zikiwamo Carolena, Onward na Thornton, ziliondoka bandari ya Victoria, magharibi ya Kanada. Forodha ya hapo iliziruhusu kwenda kuwinda na kuvua katika Pasifiki ya Kaskazini na Bahari ya Bering. Windo lenyewe lilikuwa sili, mnyama wa baharini ambaye ngozi yake yenye manyoya iliuzwa kwa bei kubwa mjini London. Miongoni mwa wawindaji walikuwamo wenyeji wa asili wa Kisiwa cha Vancouver, mabingwa wa mtumbwi na mkuki.

Mwanzoni mwa Agosti, zikiwa zaidi ya maili 60 kutoka nchi kavu, merikebu hizo tatu zilikamatwa na Corwin, chombo cha doria cha idara ya mapato ya Marekani. Yaani, forodha moja ilitoa ruhusa, na walinzi wa forodha nyingine wakakamata. Ngozi zilitwaliwa, na manahodha na wasaidizi wao wakashtakiwa huko Sitka, Alaska. Hati zao hazikuwaokoa. Nahodha mzee wa Carolena alitangatanga msituni, akafia huko.

Linalostaajabisha ni hili. Mwaka 1821 mfalme wa Urusi, aliyeimiliki Alaska, alizikataza meli za kigeni kuikaribia pwani hiyo kwa umbali wa maili 100. Marekani ilikuwa miongoni mwa waliopinga. Mwaka 1867 ikainunua Alaska kwa dola milioni 7.2, na mwaka 1870 ikaikodisha kampuni moja haki ya kuua sili katika visiwa vya Pribilof, wanakozalia. Mpingaji wa jana akawa mwenye nyumba, akataka kuufunga mlango uleule.

Hata hivyo, haki inatudai tuseme kwamba Marekani nayo ilikuwa na hoja. Sili jike huenda mbali baharini kutafuta chakula huku mtoto wake akimngoja ufukoni. Akiuawa huko, mtoto naye hufa kwa njaa. Wengine walipigwa risasi wakazama, wasimfae mtu yeyote.

Shauri lilipelekwa Paris mwaka 1893 mbele ya waamuzi 7. Waliamua kwamba Marekani haikuwa na mamlaka ya peke yake nje ya maili 3 kutoka pwani. Lakini pia walipiga marufuku uwindaji wa sili ndani ya maili 60 kuzunguka Pribilof, na kuufunga kila mwaka kuanzia Mei mpaka Julai. Mwaka 1898 Marekani ililipa fidia ya zaidi ya dola 473,000.

Basi hati za Victoria zilithibitika kuwa halali, lakini sili waliendelea kupungua. Ni mwaka 1911 tu ambapo Marekani, Uingereza, Japani na Urusi zilikubaliana kuukomesha uwindaji huo katika bahari kuu. Waliouacha, Kanada na Japani, wakapewa kila mmoja asilimia 15 ya ngozi za Pribilof.

Ndugu msikilizaji, samaki wa Ziwa Victoria naye haujui mpaka. Kwa sababu hiyo Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Uvuvi ya ziwa hilo mwaka 1994. Kibali cha serikali moja ni cha lazima, lakini kinaishia pale mamlaka ya jirani yanapoanza. Majirani wasipoafikiana mapema, anayelipa kwanza ni mvuvi mnyonge, na anayefuata ni samaki mwenyewe.