Maua Yaliyotutangulia Jordbro

Ukishuka kwenye treni Jordbro, kusini mwa Stockholm, kinachokulaki ni maghorofa. Mengi yalijengwa miaka ya 1960 na 1970, enzi za mpango wa Uswidi wa kujenga nyumba milioni moja kati ya mwaka 1965 na 1974. Watu walipata makazi yenye bafu na maji ya moto, lakini mitaa ya namna hii ikapewa sifa ya kuwa saruji tupu. Ndiyo maana baridi ikiisha wapangaji hutoa vyungu na kamba, wakatafuta mimea isiyosumbua ya kupamba roshani na mbele ya mlango. Miwili kati ya mimea hiyo ina habari inayotuhusu.

Wa kwanza hutambaa, nao una ua la rangi ya chungwa lenye doa jeusi katikati. Waswidi huuita svartöga, yaani jicho jeusi. Mbegu husiwa ndani ya nyumba mwezi Machi au Aprili, na miche hutolewa nje mwezi Juni, baridi ya usiku ikishapita. Ukiuwekea kamba huparamia kupita kimo cha mtu. Jina lake la kitaalamu ni Thunbergia alata. Thunberg alikuwa Mswidi, mwanafunzi wa Linnaeus na baadaye profesa wa Uppsala, na kwa jina hilo ungedhani ua ni mwenyeji wa huku. Kumbe asili yake ni Afrika Mashariki, na Thunberg hakufika pwani yetu. Aliyefika ni Wenceslas Bojer, mtaalamu wa mimea kutoka Bohemia aliyeishi Mauritius. Alizuru mwaka 1824, na mwaka uliofuata mmea ukaingia katika maandishi ya wataalamu wa Ulaya.

Wa pili hupenda kivuli, kwa hiyo unafaa upande wa kaskazini wa jengo. Huku huitwa flitiga Lisa, Lisa mchapakazi, kwa sababu hauchoki kutoa maua kiangazi chote. John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja, aliupeleka kwenye bustani ya Kew, London, na mwaka 1882 Joseph Hooker akauita Impatiens sultanii kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Wakati huo aliyetawala ni Seyyid Barghash. Baadaye ikabainika kwamba mmea huohuo ulikwisha kupewa jina mwaka 1868, Impatiens walleriana, kwa heshima ya mmisionari Horace Waller. Kwa kanuni za wataalamu, jina lililotangulia ndilo hudumu. Jina la Sultani likaondoka.

Waller huyo ndiye aliyehariri shajara za mwisho za Livingstone, zilizochapishwa mwaka 1874. Waliozifikisha pwani, pamoja na maiti ya mwenyewe, ni Abdullah Susi, James Chuma na wenzao, waliotembea kutoka kijiji cha Chitambo hadi Bagamoyo. Kisha Susi na Chuma wakaenda Uingereza kumsaidia Waller kuzifafanua. Waller ana ua lake. Susi na Chuma hawana.

Mtoto mmoja wa jamaa zetu, mzaliwa wa hapa, alirudi shuleni amenuna kwa kuulizwa tena anatoka wapi hasa. Mama yake akamshika mkono hadi mlango wa chini, akamwonyesha lile jicho jeusi kwenye kamba na Lisa chini yake.

"Haya nayo yametoka kwetu, mwanangu. Na kila mtu hapa huyahesabu kuwa yake."

Mtoto akayatazama, akauliza: "Kwetu yanaitwaje?"

Mama akanyamaza.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na maua haya yametimiza methali hiyo hapa Jordbro. Lakini yalipokuja hayakuja na majina ya nyumbani. Sisi tumekuja na vinywa, na wazee wetu wangali kwenye simu. Msimu huu, ndugu msomaji, kabla ya kusia mbegu, piga simu Tanga, Mombasa au Pemba, uulize bibi huyaitaje. Atakalokuambia liandike kwenye kijiti, ulichomeke chunguni, mtoto alisome.