Saa ya midi ni ya nani? Historia ya masaa ya kazi katika Kongo

Kibati, teritware ya Nyiragongo. Saa ya midi inafika, watu wamechoka na wana njaa. Hapo mkubwa wa kazi anatangaza mkutano, na kila mtu anapashwa kuwepo. Mkutano unakula saa nzima, kisha kazi inaendelea. Je, saa hiyo inalipwa? Katika inchi yetu, ulizo hili si la leo.

Wakati wa Wabeleji, amri ya mwaka 1917 ililazimisha wanakijiji kulima mimea iliyotakiwa na serkali, siku 60 kila mwaka. Mwaka 1942, wakati wa vita kuu ya pili, siku hizo zilipandishwa mpaka 120. Mlimaji alipewa bei iliyopangwa na wengine. Wakati wake haukuwa wake.

Kwa upande wa maofisi na maduka, Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mapatano namba 30 mwaka 1930. Yalisema kwamba masaa ya kazi ni wakati ule mfanyakazi yuko chini ya amri ya mwajiri. Mapumziko hayahesabiwi, lakini kwa sharti moja: mfanyakazi awe huru kweli.

Baada ya uhuru, Kongo ilipata kodi yake ya kazi tarehe 9 Agosti 1967. Hata hivyo, chini ya Mobutu, watu waliitwa kwenye salongo, kazi ya mikono bila malipo, na wafanyakazi wa serkali waliimba na kucheza kwa ajili ya chama cha MPR. Kukataa kulikuwa hatari. Chama kimoja kiliisha Aprili 1990, lakini desturi ya kuita watu bila kuhesabu wakati wao haikuisha siku hiyo.

Kodi inayotumika ilitiwa sahihi tarehe 16 Oktoba 2002. Kifungu cha 119 kinaweka kipimo: masaa 45 kwa juma. Hesabu inaanza wakati mfanyakazi yuko mahali pa kazi, tayari kwa amri ya mwajiri. Kifungu hicho hakitaji mkutano wa midi, lakini maana yake inaeleweka: anayelazimishwa kukaa na kusikiliza hajapumzika. Saa hiyo ni ya kazi, na ikipita kipimo, inadai nyongeza.

Jambo hili linagusa pia wahami wa vita. Mwaka 2008, Kibati ilipokea jamaa nyingi zilizokimbia mapigano, na tangu zamani wengi wao wanaishi kwa kazi ya siku. Kodi haijawasahau: aliyefanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akiajiriwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na mwisho.

Mwenye shida anaanzia kwa mkaguzi wa kazi, anayejaribu kupatanisha pande mbili. Ikishindikana, ndipo tribinali ya kazi. Kwa hiyo ni vema kuandika kwenye daftari tarehe ya kila mkutano, saa ulipoanza na saa ulipoisha. Bila maandishi, saa iliyoliwa ni vigumu kuidai.