Neno Lililovunja Dola: Historia ya Goonswarm na Band of Brothers katika Mchezo wa EVE Online

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya miungano miwili ya wachezaji, Goonswarm na Band of Brothers, katika mchezo wa mtandaoni wa EVE Online. Kwa kuongozwa na Nadharia ya Vitendo Uneni, makala yanachambua matukio mawili yanayofanana: kuvunjwa kwa Band of Brothers mwaka 2009 na kuvunjwa kwa Goonswarm mwaka 2010. Yote mawili yalitokana na amri iliyotolewa na mtu wa ndani aliyekuwa na mamlaka ya kuitoa. Hata hivyo, matokeo yake yalitofautiana. Makala yanadai kwamba chama cha wachezaji huwa na uhai wa aina mbili, uhai wa kitaasisi uliomo katika programu na uhai wa kijumuiya uliomo katika mazungumzo ya wanachama, na kwamba tamko linaloua uhai wa kwanza si lazima liue wa pili.

Utangulizi

EVE Online ilizinduliwa Mei 2003 na kampuni ya CCP ya Reykjavík, Iceland. Tofauti na michezo mingi ya aina yake, ambayo huwagawa wachezaji katika nakala nyingi za ulimwengu mmoja, EVE iliwaweka takriban wote katika ulimwengu mmoja wenye zaidi ya mifumo 5,000 ya nyota. Katika sehemu kubwa ya anga hiyo hakuna dola iliyobuniwa na watengenezaji. Wachezaji wenyewe ndio huteka maeneo, hutoza kodi, hufanya biashara, hupigana na kufunga mikataba. Chombo kikiharibiwa vitani hakirudi. Mwenyewe hana budi kujenga au kununua kingine. Kwa sababu hiyo hasara ina uzito, na kumbukumbu ya hasara hudumu.

Ulimwengu huo umezaa historia yake na wanahistoria wake. Andrew Groen alichapisha juzuu ya kwanza ya *Empires of EVE* mwaka 2016, akisimulia vita vya miaka ya mwanzo kwa kutegemea mahojiano na maandishi ya wachezaji. Vyanzo vya historia hii ni vya namna mbili. Kipo kile kinachoandikwa na mashine, kwa mfano orodha za vyombo vilivyoharibiwa, saa ya tukio na thamani ya hasara. Kipo pia kile kinachoandikwa na binadamu: hotuba za makamanda, mabango ya propaganda, taarifa za vita na masimulizi ya walioshindwa. Cha kwanza hueleza kilichotokea. Cha pili hueleza kilimaanisha nini. Mtafiti wa lugha huvutiwa zaidi na mahali ambapo vyanzo hivi viwili hukutana, yaani pale ambapo neno lenyewe ndilo tukio.

Suala la istilahi

Neno *chama* linatumika hapa kwa kuzingatia matumizi yake ya muda mrefu katika Kiswahili, ambamo hutaja kundi la watu waliojiunga kwa hiari, wenye vyeo, michango na wajibu wa kusaidiana. Vyama vya ngoma ya beni, vilivyochipuka pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea Tanganyika, ni mfano ulio karibu. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii Afrika Mashariki, alionyesha jinsi Marini na Arinoti walivyogawana vyeo vya kijeshi, wakashindana kwa gharama na fahari, na papo hapo wakasaidiana katika shida. Vita vilikuwa vya kuigiza lakini udugu ulikuwa wa kweli. Msomaji anayeijua beni hatashangaa kuona watu wazima wakiitana maamiri katika anga ya kubuni.

Katika EVE ngazi ya msingi ya chama huitwa kampuni. Kampuni kadhaa huunda muungano, na muungano ndio unaotambuliwa na programu kuwa mmiliki wa eneo. Kila muungano una kampuni kuu inayousimamia kiutawala, na jina la muungano huandikishwa mara moja tu. Likishachukuliwa, hakuna mwingine anayeweza kulitumia. Kanuni hizi zinaonekana kuwa za karani, lakini ndizo zilizoamua hatima ya dola.

Mahasimu wawili, 2005–2008

Band of Brothers ulikuwa muungano wa wachezaji wazoefu, wenye nidhamu na vyombo vya gharama kubwa. Makao yake yalikuwa katika eneo la Delve, na kiongozi wake, aliyejulikana kwa jina la SirMolle, hakuficha nia ya kuitawala anga yote isiyo na dola. Jina lenyewe lilidai ukoo wa kishujaa: ni maneno yaliyopata umaarufu katika *Henry V* ya Shakespeare, ambamo mfalme anawaita askari wake wachache ndugu.

Goonswarm ulitokana na jumuiya iliyokuwa imeshajijenga nje ya mchezo, katika tovuti ya vichekesho ya Something Awful. Wengi wao walikuwa wageni wa mchezo na walipigana kwa vyombo vidogo, vya bei nafuu, vilivyotumwa kwa wingi kama nyuki. Na nyuki ndiye aliyekuwa nembo yao. Rejesta yao ilikuwa ya dhihaka. Pale ambapo wapinzani wao walizungumza juu ya heshima na ustadi, wao walicheka, na kushindwa vitani kwao kulikuwa kisa cha kusimuliana. Rejesta hiyo ilikuwa na kazi ya kijamii, kwani anayejicheka mwenyewe si rahisi kuvunjwa moyo kwa kuchekwa na adui.

Goonswarm haukupigana peke yake. Uliungana na Red Alliance, muungano wa wazungumzaji wa Kirusi, na Tau Ceti Federation, wa wazungumzaji wa Kifaransa. Ushirikiano wa lugha tatu ulidai wakalimani na wanadiplomasia, na tangu hapo diplomasia ikawa kazi maalumu ndani ya chama, kama ilivyo ukamanda au ujasusi.

Mwaka 2007 uhasama huu ulipata sura nyingine. Ilibainika kwamba mfanyakazi mmoja wa CCP, aliyekuwa pia mchezaji katika kampuni mojawapo ya Band of Brothers, alikuwa amejipatia isivyo halali ramani adimu za utengenezaji wa vifaa. CCP ilikiri tukio hilo na kuunda kitengo cha ukaguzi wa ndani. Mwaka uliofuata wachezaji walichagua kwa kura baraza lao la kwanza la kuzungumza na kampuni, Council of Stellar Management. Kwa wapinzani wa Band of Brothers, kashfa hiyo ilithibitisha kuwa walikuwa wakipigana na muungano uliobebwa na waamuzi. Hasira hiyo iliupa muungano wa dhihaka kitu ambacho haukuwa nacho awali, yaani dai la haki.

Tamko la Februari 2009

Vita vya miaka mitatu havikuiondoa Band of Brothers katika Delve. Kilichoiondoa ni mtu mmoja. Mwanzoni mwa Februari 2009, mkurugenzi mmoja wa muungano huo aliwaendea Goonswarm akitaka kuhamia kwao. Viongozi wa ujasusi wa Goonswarm walitambua kwamba cheo chake kilimpa mamlaka ndani ya kampuni kuu ya muungano. Mamlaka hayo yalitumika. Kampuni zilizounda Band of Brothers zilitolewa, muungano ukafungwa, na mara Goonswarm wakaliandikisha jina la Band of Brothers kuwa mali yao. Wenye jina wakawa hawana jina.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Lakini methali hii inaeleza nusu tu ya kisa, kwa kuwa usaliti ni jambo la kawaida katika historia ya dola. Kinachohitaji maelezo ni jinsi usaliti wa mtu mmoja ulivyoweza kukamilika bila risasi na bila mashahidi.

J. L. Austin, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1962, alitofautisha masharti ya aina mbili ya kufaulu kwa tendo uneni. Aina ya kwanza inahusu utaratibu: awepo mtu mwenye mamlaka, na utaratibu uliokubalika ufuatwe ipasavyo. Masharti haya yakikosekana, tendo halifanyiki kabisa. Aina ya pili inahusu nia na unyofu. Yakikosekana haya, tendo linafanyika ingawa kwa ubaya, kama ahadi ya mtu asiyekusudia kuitimiza. John Searle aliyaita *matamko* yale matendo uneni yanayobadilisha hali ya mambo kwa kutamkwa tu, akasisitiza kuwa hutegemea taasisi iliyo nje ya lugha.

Amri ya Februari 2009 ilitimiza masharti yote ya aina ya kwanza na kukiuka yote ya aina ya pili. Katika taasisi za kawaida, kati ya tamko na utekelezaji wake pana nafasi. Karani anaweza kuuliza, wanachama wanaweza kukataa, mahakama inaweza kubatilisha. Katika programu nafasi hiyo haipo. Programu hupima cheo na haipimi nia. CCP haikuurudisha muungano, kwa kuwa hakuna kanuni ya mchezo iliyovunjwa.

Athari zake zilikuwa za papo kwa papo. Wakati huo nguvu ya ulinzi wa eneo ilitegemea muda ambao muungano ulikuwa umelimiliki. Muungano ulipofutwa, miaka ya umiliki nayo ilifutwa, na pamoja nayo ngome na njia za haraka za kusafirishia majeshi. Wanachama walijikusanya upya kwa jina la KenZoku, lakini wapinzani wao tayari walikuwa wakiingia Delve, na katika miezi iliyofuata waliitwaa.

Zamu ya Goonswarm, 2010

Washindi hawakukaa muda mrefu. Mwishoni mwa 2009 kanuni za umiliki zilibadilishwa, na kila muungano ukatakiwa kulipa ada ya kushikilia maeneo yake. Mwanzoni mwa 2010 ada ya Goonswarm haikulipwa, umiliki ukapotea, na muungano ukavunjwa kutoka ndani, na uongozi wake wenyewe. Mahasimu wa zamani, wengi wao sasa wakiwa katika IT Alliance, walirudi Delve.

Kimuundo, tukio hili ni pacha wa lile la 2009. Baada yake, hata hivyo, wanachama wa Goonswarm waliendelea kuzungumza mahali palepale walipokuwa wakizungumzia kabla ya kuujua mchezo. Walihamia kaskazini, katika eneo la Deklein, wakaunda Goonswarm Federation, na msiba wao wakaugeuza kuwa kichekesho kingine katika hazina yao ya visa. IT Alliance, iliyojengwa juu ya kumbukumbu ya utukufu uliopotea, ilisambaratika mwaka 2011.

Inaweza kudaiwa kwamba tofauti hii ni ya idadi na mali tu. Hoja hiyo ina uzito, kwani Goonswarm ulikuwa na watu wengi na chanzo cha kudumu cha kupata wapya. Lakini wingi huo wenyewe unahitaji kuelezwa. Watu hao hawakujiunga na muungano kwanza kisha wakawa jumuiya. Walikuwa jumuiya kwanza, na muungano ukawa nguo yao. Nguo ilipochanika walishona nyingine. Kwa Band of Brothers, ambayo fahari yake ilikuwa kushinda na kutawala, jina na eneo vilikaribia kuwa mwili wenyewe.

Kuita majina

Tendo la kutoa jina lilijitokeza tena kwa namna ya majonzi. Tarehe 11 Septemba 2012, Sean Smith, ofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, aliuawa katika shambulio la Benghazi, Libya. Katika EVE alijulikana kwa jina la Vile Rat, mwanadiplomasia mashuhuri wa Goonswarm na mjumbe wa zamani wa baraza la wachezaji. Wachezaji wa miungano mbalimbali, hata waliokuwa maadui, walivipa vituo vyao vya anga majina ya kumkumbuka. Kitufe kilekile cha kubadilisha jina, ambacho kwa kawaida hutumika kujitapa au kumkejeli adui, kilitumika kufanya matanga.

Takriban mwaka mmoja na miezi minne baadaye, mnamo Januari 2014, malipo ya eneo yaliyokosekana katika mfumo wa B-R5RB yalichochea vita vya takriban saa 21, vilivyowahusisha wahusika zaidi ya 7,500 na kuangamiza titani 75, vyombo vikubwa kuliko vyote katika mchezo. Safari hii waliochelewa kulipa walikuwa wapinzani wa Goonswarm. CCP iliyaacha mabaki ya vyombo hivyo mahali pale kuwa ukumbusho. Hapa pia kosa la karani lilizaa historia.

Hitimisho

Mwaka 2021, baada ya kuzingirwa kwa muda mrefu na miungano mingi, Goonswarm na washirika wake walikuwa bado wameshikilia ngome yao katika Delve, eneo lilelile ambalo Band of Brothers walilipoteza kwa amri moja. Makala haya yameonyesha kuwa historia ya vyama hivi haiwezi kuandikwa kwa kuhesabu vyombo peke yake. Taasisi iliyojengwa kwa matamko inaweza kubomolewa kwa tamko, na pale ambapo programu ndiyo mwamuzi, unyofu wa mtoa tamko hauna nafasi ya kuulizwa. Jumuiya yenye mazungumzo yake, utani wake na kumbukumbu zake nje ya taasisi hiyo huwa na mahali pa kurudi. Wakati ushirika, vikoba na vyama vya kila aina vinahamishia daftari zao katika programu za simu, swali la nani amepewa uwezo wa kutoa amri, na nani anaweza kuisimamisha kabla haijatekelezwa, linawahusu hata wasiowahi kucheza mchezo wowote. Ni swali la isimu kama lilivyo la utawala, kwa kuwa linahusu masharti yanayolifanya neno kuwa tendo.