Spesialite ya uganga: Tarehe ya kuomba fasi inaanza mbele ya tarehe yenyewe

Wandugu wa Tshopo, Ituri, Bas-Uele, Haut-Uele na Kivu zote mbili, swali ni hili: kijana amemaliza uganga, diploma iko njiani, sasa anataka kuwa muspesialiste. Aombe mwezi gani? Jibu si moja, na mwenye kukosea mwezi anangoja mwaka muzima.

Muganga anayetoka Univasite ya Kisangani (UNIKIS) ni muganga wa magonjwa yote. Anapima malaria, anazalisha, na kama ametumwa peke yake Opala ao Bafwasende, anapasua pia. Lakini kwa kuwa muganga wa watoto, wa macho, wa mifupa ao wa usingizi, inamulazimu kurudi masomoni miaka ine, mara nyingi mitano. Wakati huo anaitwa asistanti: anasoma na kutumika palepale ndani ya hospitali. Juu ya franga, wengi wanaendelea kukesha usiku katika vituo vya binafsi ili nyumba ikule.

Kwetu Kongo hakuna mutihani mumoja wa inchi nzima, wala kompyuta moja inayogawa fasi. Unaandikia fakulte na mukubwa wa departema, na fasi inategemea kama kuna profesa wa kukusimamia ndani ya serivisi ile. Mwaka wa masomo unaanza kwa kawaida mwezi wa 10 ao wa 11, lakini mugomo wa maprofesa ukitokea, kalenda yote inasogea. Kwa hiyo usingoje tangazo libandikwe ukutani. Enda kuona serivisi miezi mitano ao sita mbele, uulize kama mwaka ule watapokea asistanti. Kuna spesialite ambazo hazina musimamizi hapa Kisangani, na ni afazali kulijua mapema, ungali na wakati wa kuandikia Kinshasa.

Ufaransa njo fasi watu wanapotea zaidi. Programu yao kwa wanganga wa inje ya Ulaya inaitwa DFMS, na Univasite ya Strasbourg njo inapanga maombi. Kwa kawaida dosie inafungwa katikati ya mwezi wa kwanza, na mwenye kuchaguliwa anaanza kazi mwezi wa 11 wa mwaka uleule. Sasa sikia vizuri: DFMS ni ya muganga ambaye tayari ameanza spesialite kwao. Ile ya mwenye kuimaliza inaitwa DFMSA. Muganga aliyetoka tu fakulte, hata kama pointi zake ni za juu, hana mulango pale. Kama ndoto yako ni Paris ao Lyon, hatua ya kwanza ingali hapahapa Kisangani ao Kinshasa: kuwa asistanti kwanza.

Marekani wana desturi ingine kabisa. Maombi mengi yanapitia ERAS, kwa intaneti. Programu zinaanza kusoma dosie mwisho wa mwezi wa 9, wanaita watu kwa mahojiano kuanzia mwezi wa 10 mupaka wa kwanza, na kwa spesialite nyingi majibu yanatoka siku moja, Ijumaa ya tatu ya mwezi wa 3. Kazi inaanza tarehe 1 ya mwezi wa 7. Mulango hauyafungwa mwezi wa 11, lakini anayetuma wakati ule anakuta fasi nyingi za mahojiano zimeisha gawiwa. Na mbele ya yote kuna mitihani ya USMLE, ushahidi wa Kiingereza, na kibali cha ECFMG kwa waliosomea inje. Muganga aliyezoea Kifaransa ahesabu miaka miwili ya matayarisho, si miezi miwili.

Jirani zetu wako karibu zaidi. Makerere, Kampala, inafungua mwaka mwezi wa 8. Tanzania, kama Muhimbili pale Dar es Salaam, karibu mwezi wa 10. Kule pia masomo ni kwa Kiingereza, na maombi yanafungwa miezi kazaa mbele ya mwaka kufunguliwa.

Tuchukue mufano. Kijana anamaliza kwa sesio ya pili, mwezi wa 12. Anapewa atestasio, diploma yenyewe itakuja kisha. Anapaswa kujiandikisha kwa CNOM, baraza la wanganga lililoundwa kwa sheria ya 1968, maana bila namba ile haruhusiwi kutibu. Kisha releve ya pointi za kila mwaka, barua za maprofesa, tafsiri, na mihuri ya Kinshasa kama dosie inaenda inje. Kinshasa si ngambo ya Lubunga: kwa muto ni zaidi ya kilometa 1,700, na tiketi ya ndege si mchezo. Weka miezi sita kwa makaratasi peke yake. Huyu kijana asifikirie mwezi wa kwanza unaofuata. Afikirie ule wa mwaka ujao.

Jambo dogo lenye kuharibu dosie kubwa: majina. Sisi tuna jina, postinomu na jina la ubatizo. Diploma inaandika yote matatu, paspoti mara ingine inaandika mawili, ao inageuza mupango. Kwa ofisi ya inje hao ni watu wawili. Ukiona tofauti, tafuta kusahihisha ungali mwanafunzi, wakati sekretaria wa fakulte angali anakujua kwa sura.

Na saa pia. Marekani wakisema ERAS inafunguka saa tatu ya asubui kwa saa za mashariki yao, mwezi wa 9 hiyo ni saa tisa ya muchana Kisangani, lakini saa nane Kinshasa, maana inchi yetu iko na saa mbili. Kwa saa ile moto unaweza kukatika. Batri ya kompyuta ijazwe tangu asubui.