Mji wa Mahajanga

Kisiwa cha Madagaska wazee wetu walikiita Bukini. Upande wake wa kaskazini-magharibi, hapo mto Betsiboka umwagapo maji yake mekundu baharini, ndipo ulipo mji wa Mahajanga, makao makuu ya mkoa wa Boeny.

Mji huu ulikuzwa na wenyeji pamoja na wageni. Wafalme wa Wasakalava waliutawala, na majahazi ya Waswahili, Waarabu na Wahindi yakauletea biashara. Mwaka 1824 mfalme Radama wa Kwanza aliuteka. Mwaka 1895 Wafaransa wakashusha jeshi lao hapo. Wangazija nao walihamia kwa wingi, wakafanya kazi, wakaoa, wakazaa.

Lakini Desemba 1976 ugomvi wa majirani uliwaka kama moto wa nyikani, na Wangazija mamia kwa mamia wakauawa. Maelfu waliosalia walirudishwa visiwani, wengi kwa ndege za Sabena. Na huko wakaitwa “Sabena”, wakawa wageni mara ya pili.

Twasema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi tuukumbuke mji huu kabla hatujamwita jirani yetu mgeni.